Povu au maji? Kisa cha ghala la rangi Namanve

Kotesheni mbili ziliandikwa kwa jengo moja, na hazikufanana hata kidogo. Ya kwanza ilitaka povu la kuzimia moto kila mahali, kuanzia ofisini hadi mlango wa kupakilia. Ya pili ilitaka vinyunyizio vya maji peke yake, sprinkla kama mafundi wanavyoziita, na haikutaja povu hata kwa mstari mmoja. Bei ya ile ya povu ilikaribia mara mbili ya nyingine. Mwenye jengo, mzee wa Bombo ambaye kila mtu humwita Hajji, aliniita nimwambie achukue ipi. Kampuni ya bima ilikuwa imeshampa sharti: aweke mfumo wa kuzima moto unaojiwasha wenyewe, la sivyo bima haihuishwi.

Jengo liko Namanve, Uganda, kwenye eneo la viwanda kando ya barabara ya Jinja. Sitalitaja zaidi ya hapo. Ni ghala la mita 60 kwa 40, kuta za matofali hadi kimo cha mtu na juu yake mabati, nguzo na kenchi za chuma kitupu, paa la bati lisilo na dari. Ubavuni pana ofisi chache. Hajji amelipangisha kwa msambazaji wa rangi na bidhaa za usafi.

Povu au maji? Swali likiulizwa hivyo halijibiki. Linalojibika ni hili: kitakachoungua humu ni nini, kimepangwaje, na kikimwagika kitakwenda wapi. Hajji hakufurahi kusikia kwamba siku hiyo sichagui chochote. "Injinia, ndani mna rangi," akasema. "Rangi ni rangi."

Rangi si rangi

Tuliingia na dada anayetunza stoo, daftari mkononi. Sehemu kubwa ya ghala, kama robo tatu, ilikuwa na rangi ya maji kwenye ndoo za plastiki. Rangi hiyo ikiwa bado ndooni haiwaki, maana sehemu kubwa yake ni maji. Kinachowaka ni ndoo zenyewe, paleti za mbao, katoni na nailoni ya kufungia mizigo. Upande wa kushoto palikuwa na ndoo tupu zinazosubiri lebo, zimepandanishwa hadi zikakaribia kenchi. Kulia kwake, rangi ya mafuta kwenye makopo ya bati, kisha mapipa ya chuma ya lita 200 yenye thina na tapentaini. Na karibu na mlango wa nyuma, matangi manne ya plastiki ya lita 1,000, yale yanayokaa ndani ya kizimba cha chuma, yamejaa spiriti, yaani alkoholi, ya kutengenezea dawa ya kutakasa mikono. Biashara hiyo ilianza mwaka 2020 wakati wa korona, na korona ilipopungua biashara ikabaki.

Nikamuuliza dada hizo spiriti zimo kwenye kotesheni ipi. "Hakuna aliyeuliza, kaka. Walipima paa wakaenda."

Hapo ndipo kisa kilipo. Ghala moja lilikuwa na mioto mitatu ya tabia tofauti, na kila kontrakta aliona mmoja tu. Moto wa vitu vigumu, yaani mbao, katoni na plastiki, hutaka kulowanishwa na kupozwa. Moto wa thina na tapentaini ni wa kimiminika kinachoelea juu ya maji. Moto wa spiriti ni wa kimiminika kinachochanganyika na maji, na huo una vituko vyake.

Joto la kuwakia, yaani joto ambalo kimiminika huanza kutoa mvuke wa kutosha kushika moto, kwa tapentaini ya madini huanzia karibu nyuzi 38, na thina nyingi kali ziko chini ya 23. Spiriti safi ni karibu 13. Mchana wa kawaida wa Kampala ni nyuzi 27 au 28, na chini ya bati ni zaidi. Kwa hiyo thina ikivuja pale sakafuni, haihitaji kupashwa na mtu. Mvuke wake uko tayari kushika moto asubuhi, mchana na usiku, na ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini hadi ukutane na swichi ya foklifti au na kijana anayechomelea geti.

Maji yanaweza nini

Sinema zimetufanya tuamini kwamba sprinkla moja ikifunguka zote zinamwaga. Kwenye mfumo wa kawaida wa bomba lililojaa maji si hivyo. Kila sprinkla ina kichupa chake cha kioo chenye kimiminika ndani. Kikipata joto lake kinapasuka, maji yanatoka hapo na si kwingine. Moto mdogo huzimwa au hudhibitiwa na sprinkla chache zilizo juu yake.

Kazi yake kubwa ni tatu: kulowanisha kilicho jirani kabla hakijashika, kupunguza nguvu ya moto wenyewe, na kupoza paa. Hiyo ya tatu watu huisahau. Chuma kikifika karibu nyuzi 550 kinabaki na kama nusu tu ya nguvu zake, na kenchi za Hajji hazijafunikwa na chochote. Moto ukiachiwa, paa linaanguka zimamoto wakiwa bado kwenye foleni ya magari pale Kireka.

Kwa rangi ya maji, ndoo, katoni na ofisi, maji yanatosha kabisa. Aliyeandika povu kwa eneo hilo lote alikuwa anauza povu.

Ila maji yakimwagwa juu ya thina inayowaka, thina inapanda juu yake na kusafiri nayo. Moto uliokuwa kwenye pipa moja unafika chini ya paleti za jirani, ukiwa umebebwa na maji yaliyokuja kuuzima. Kotesheni ya pili haikulitazama hilo.

Povu linaweza nini, na lisichoweza

Povu la kuzimia moto ni maji kwa asilimia 97, dawa ya povu kwa asilimia 3, na hewa. Linatandazika juu ya kimiminika kama blanketi, linazuia mvuke usitoke na oksijeni isiingie, na maji yanayochuruzika kutoka ndani yake yanapoza. Ni kitu kizuri sana mahali ambapo kimiminika kimelala sakafuni na kina ukingo wa kukizuia.

Mahali ambapo kimiminika hakijalala, povu linahangaika. Pipa lililoko rafu ya tatu likipasuka, moto unateremka pamoja na thina kama maporomoko, na hakuna sehemu bapa ya kutandika chochote. Vilevile juu ya katoni na ndoo povu halina faida kubwa ya ziada juu ya maji. Na povu linapitisha umeme, sawa na maji, kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba ni salama kwa chumba cha swichi.

Wateja wengi hudhani pia kwamba povu linapunguza tangi la maji. Mfumo wa sprinkla zenye povu huanzia milimita 6.5 za mchanganyiko kwa dakika (milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba) juu ya eneo la mita za mraba 465. Hiyo ni kama lita 3,020 kwa dakika. Asilimia 3 yake ni lita 91 za dawa kila dakika, na kwa dakika 10 zinazotakiwa unahitaji zaidi ya lita 900 za dawa. Dakika hizo zikiisha, kinachoendelea kutoka ni maji matupu. Linganisha na sprinkla za maji kwa ghala la hatari ya wastani, daraja la pili kwenye NFPA 13, kiwango cha Marekani cha sprinkla: milimita 8.1 kwa dakika juu ya mita za mraba 139, yaani kama lita 1,130 kwa dakika. Yaani Hajji angelipia dawa, halafu alipie na pampu kubwa zaidi na tangi kubwa zaidi, ili kulinda ndoo za rangi isiyowaka.

Na kulikuwa na jambo baya zaidi. Kotesheni ya povu ilitaja dawa ya kawaida, ile ya kuzimia petroli na dizeli. Spiriti inalila povu hilo. Inanyonya maji yaliyomo, blanketi linatoweka mbele ya macho yako, na moto unaendelea kama vile hukufanya kitu. Kwa spiriti, na kwa thina zilizochanganywa na asetoni au methanoli, inatakiwa dawa inayostahimili alkoholi, ambayo hutengeneza utando kati ya povu na kimiminika. Mtu alikuwa tayari kuuza mfumo wa povu kwa jengo zima, na povu hilo lisingezima kimiminika cha hatari kuliko vyote vilivyomo.

Kichupa chekundu

Kotesheni zote mbili ziliandika sprinkla za nyuzi 68, zenye kichupa chekundu. Ndizo ambazo kila duka huwa nazo, na kwa ofisi hazina ubaya. Nilipanda kwenye ngazi na kipimajoto saa nane mchana, siku ya jua la kawaida tu, nikakishika chini ya bati mahali sprinkla ingekaa. Kilisoma nyuzi 46 na bado kilikuwa kinapanda nilipoteremka kwa sababu ya jasho.

Kiwango kinasema sprinkla za daraja la kawaida ziwekwe mahali ambapo joto la darini halizidi nyuzi 38. Likizidi hapo, nenda daraja la kati, nyuzi 79 hadi 107, ambamo mna vichupa vya njano vya 79 na vya kijani vya 93. Chini ya bati tupu jibu lake halihitaji hata kipimajoto. Kichupa chekundu kikikaa miaka kwenye joto la karibu na mpaka wake kinaweza kupasuka bila moto, na hapo Hajji anapata mafuriko juu ya mali ya mpangaji, kesi, na mlinzi atakayefunga valvu kuu na asiifungue tena. Hilo la mlinzi ndilo ninaloliogopa. Mfumo uliofungwa kimyakimya ni mbaya kuliko kutokuwa nao, kwa sababu bima na watu wote wanauhesabu.

Tukaandika vichupa vya kijani ghalani na vyekundu ofisini.

Ndoo tupu

Kama ningeambiwa nichague kitu kimoja cha kuondoa kwenye ghala lile, wengi wangetegemea niseme spiriti. Ndoo tupu zingekuja karibu sana nyuma yake. Plastiki ya ndoo hizo iko kwenye kundi baya kuliko yote kwa moto wa maghala. Zikiwa tupu na zimepandanishwa, zina hewa katikati, hazina maji ya kunyonya joto, na zikiyeyuka zinakuwa kimiminika kinachotiririka huku kikiwaka.

Kiwango cha hatari ya wastani hakiruhusu plastiki ya aina hiyo kupandanishwa zaidi ya kama mita 1.5. Za Hajji zilikuwa zinapita mita 4. Ukitaka kuzilinda zikiwa vile, unaingia kwenye sprinkla za maghala marefu zinazomwaga maji mengi mno kwa nguvu kubwa, na hesabu nzima ya pampu inabadilika.

Mpangaji aliposikia alikataa kwanza. Nafasi ni pesa. Tukakaa naye ofisini, tukaweka gharama ya pampu kubwa upande mmoja na gharama ya kibanda cha nje upande wa pili. Kibanda kilishinda kabla chai haijapoa. Ndoo tupu zikatolewa nje, mbali na ukuta, na ghalani zikabaki zile za kazi ya wiki, zisizozidi kifua cha mtu. Mstari mwekundu ulipakwa kwenye nguzo kuonyesha kimo cha mwisho cha mizigo, na chini ya kila sprinkla ikaachwa nafasi ya nusu mita. Mizigo ikigusa sprinkla, maji hayatawanyiki.

Chumba cha mita za mraba 80

Baada ya ndoo, tulihamia kwenye vimiminika. Wazo la kwanza la Hajji lilikuwa kuvitoa vyote nje. Kwa spiriti tulikubali. Tangi la plastiki likizungukwa na moto linayeyuka ndani ya dakika chache na kumwaga lita zote 1,000 kwa mara moja. Na hata useme maji yataipunguza makali, fanya hesabu: lita 1,000 za spiriti ya asilimia 95 zinataka karibu lita 3,750 za maji ili zishuke hadi asilimia 20, na hapo bado inaweza kuwaka ikipata joto. Matangi manne yakihusika, mlango wa ghala unakuwa mto. Kwa hiyo spiriti ilikwenda kwenye banda la wazi upande wa nyuma, lenye paa ili mvua isilijaze bwawa lake, ukuta mfupi wa kuzuia kumwagika, waya wa ardhini wa kuondoa umeme tuli wakati wa kuchota, na mtungi wa magurudumu wenye dawa ya povu la alkoholi.

Thina na rangi ya mafuta zilibaki ndani, kwa sababu ndizo zinazotoka kila saa na ndizo zinazoibwa. Zikajengewa chumba kwenye kona ya nyuma, mita 10 kwa 8, kuta za tofali hadi juu, mlango wa chuma wa kuzuia moto unaojifunga, matundu ya hewa karibu na sakafu kwa sababu ya ule mvuke mzito, na mapipa yote chini, hakuna rafu. Humo, na humo tu, ndimo povu lilimoingia, kupitia sprinkla zilezile.

Eneo lote la chumba tulilihesabia milimita 12.2 kwa dakika. Ni kama lita 980 kwa dakika. Dawa kwa asilimia 3 ni lita 29 kwa dakika, na tuliweka ya dakika 15, yaani lita 440, na akiba ya kiasi hichohicho stoo. Linganisha na zaidi ya lita 900 za kotesheni ya kwanza, tena za dawa isiyofaa.

Jambo lililotuchukua muda kuliko yote lilikuwa sakafu. Mchoro wa kwanza ulikuwa na kizingiti cha sentimita 10 mlangoni, na mchoraji akaridhika. Sentimita 10 juu ya mita za mraba 80 ni lita 8,000, tena kabla hujatoa nafasi ya paleti. Sprinkla zikimwaga lita 980 kwa dakika, kizingiti kinafurika dakika ya 8, na thina inayowaka inatoka na maji hadi kwenye ghala tulilotumia pesa zote kulilinda. Kizingiti peke yake kilikuwa kinaahirisha tatizo. Sakafu ikabidi ivunjwe na kumwagwa upya kwa mteremko kuelekea mfereji, mfereji uingie kwenye bomba lenye mtego wa maji wa kuzuia mwali usipite, na bomba liende kwenye shimo la zege nje, la lita 30,000. Hilo linameza karibu nusu saa ya sprinkla. Shimo lina valvu kabla ya mtaro wa barabara, na valvu hiyo inakaa imefungwa.

Kwa nini ugomvi wote huo kuhusu maji machafu? Kwa sababu mitaro ya Namanve inaingia kwenye kinamasi, na maji ya kinamasi yale huishia Ziwa Viktoria. Tarehe 1 Novemba 1986 ghala la kemikali liliungua Schweizerhalle, karibu na Basel, Uswisi. Moto ulizimwa, lakini maji ya kuuzimia yalibeba sumu za kilimo hadi mto Rhine na kuua samaki kwa umbali mrefu. NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, wakija kukagua, watauliza hayo maji yanakwenda wapi, na wana haki.

Dawa ipi

Dawa za povu zilizotawala kwa miaka mingi zina kemikali za florini zisizooza, na familia hiyo imekuwa ikifungiwa moja baada ya nyingine chini ya Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kudhibiti kemikali zisizooza: PFOS mwaka 2009, PFOA mwaka 2019, PFHxS mwaka 2022. Uganda ni mwanachama. Kununua leo dawa ya aina hiyo ni kununua mzigo ambao kesho utalipia kuutupa.

Tukachagua isiyo na florini na inayostahimili alkoholi. Ina masharti. Ni nzito kama uji, kwa hiyo kichanganyio cha mfumo wa zamani huenda kisiinyonye sawasawa, na kila dawa inapaswa kuwa imejaribiwa pamoja na kichanganyio na sprinkla zile zile utakazofunga. Huwezi kumwaga ya kampuni nyingine juu yake tangi likipungua. Msambazaji mmoja alipoambiwa alete vyeti vya majaribio hayo alinyamaza kabisa, na hatukumtafuta tena.

Tangi

Hapa ndipo Hajji alipokunja uso. Sprinkla za ghala pamoja na mipira ya zimamoto, lita 950 kwa dakika kwa ajili ya mipira, zilitaka jumla ya kama lita 2,080 kwa dakika. Kwa dakika 90 hiyo ni lita 187,000. Lakini chumba cha thina ni hatari ya juu, na kwa hatari hiyo akiba ya mipira inapanda hadi lita 1,900. Ukijumlisha na zile 980, kwa dakika 90, unafika karibu lita 260,000. Chumba kidogo ndicho kilichoamua ukubwa wa tangi la jengo zima. Hazijumlishwi zote mbili, kwa sababu ukuta wa moto unavitenganisha, ila kubwa ndiyo inayotawala.

"Mwanangu," Hajji akaniambia, "hiyo ni bwawa la kuogelea."

Matangi meusi ya lita 10,000 ambayo kila jengo la Kampala linayo hayawezi kazi hii, na bomba la NWSC, shirika la maji la taifa, haliwezi kulijaza tangi hilo tena ndani ya saa 8 kama inavyotakiwa, maana hiyo ni zaidi ya lita 32,000 kwa saa. Kilichotusaidia ni paa lenyewe. Mita za mraba 2,400 za bati, mvua moja ya milimita 40 ya Aprili, zinatoa lita 96,000. Mifereji ya paa ikaelekezwa kwenye tangi la zege kupitia chujio, na kisima kirefu kikaongezwa kwa miezi ya kiangazi.

Nani atawasha pampu Jumatatu

Umeme ukikatika, na moto wa umeme huanza kwa kuukata, pampu ya umeme ni pambo. Kwa hiyo kuna pampu ya dizeli. Nimeona pampu za dizeli mjini ambazo betri yake imehamia kwenye lori na dizeli yake imehamia kwenye jerikeni la mtu. Kiwango kinataka pampu ya dizeli iwashwe kila wiki kwa dakika 30. Tukaandika hivyo, tukaweka kufuli kwenye tangi la mafuta, na daftari ambalo dada wa stoo anasaini pamoja na mlinzi. Sababu ya kumchagua yeye ni kwamba yeye ndiye pekee aliyejua kilichomo ghalani.

Povu linaongeza kazi juu ya hiyo. Tangi la dawa lina mfuko wa mpira ndani, na mfuko ukitoboka dawa inachanganyika na maji kimya kimya, nje hakuna kinachoonekana. Kila mwaka sampuli ipelekwe maabara. Na dawa ikiisha, inatoka ng'ambo kupitia Mombasa. Ndiyo maana ya ile akiba ya lita 440.

Afande

Michoro ilipelekwa kwa Kurugenzi ya Kuzuia Moto na Uokoaji ya Polisi, maana Uganda zimamoto wako chini ya polisi. Afande aliyekuja kukagua hakuangalia povu kwanza. Alitembea kimya, akapiga teke kizingiti cha chumba cha thina, akauliza ufunguo wa valvu ya shimo unakaa wapi usiku.

"Kwa mlinzi, afande."

"Mlinzi yupi? Huyu wa mchana anaondoka saa kumi na mbili."

Akataka ufunguo uwekwe kwenye kasha la kioo ukutani. Kisha akataka kiunganishi cha nje, karibu na geti, ambapo gari lake linaweza kusukuma maji ndani ya mabomba yetu, na akaja na kipande cha mpira wake mwenyewe kujaribu kama kinaingia. Hakikuingia. Kontrakta alikuwa ameagiza cha aina nyingine. Kilibadilishwa.

Gharama ya mwisho ilizidi kotesheni ya maji na haikuifikia ya povu. Sehemu kubwa ya nyongeza ilikwenda kwenye zege: tangi, shimo na sakafu. Bima wameridhia. Kinachosumbua sasa ni mkataba wa pango. Hajji ameongeza kifungu kwamba mpangaji akileta kimiminika kipya kinachowaka, au akipandisha mizigo juu ya mstari mwekundu, anapaswa kuarifu kabla, na hesabu ifanywe upya kwa gharama yake. Wakili wa mpangaji hakukipinga. Anapinga nani atalipia sampuli ya dawa kila mwaka, na hadi ninapoandika haya bado wanaandikiana barua.